Mikono ya Mkunga Kwenye Kabati la Saba

Ilipofika saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, Redio alikuwa amemaliza kumfunga mama yake vifungo vya gauni na kumwekea mrija kwenye kikombe cha chai. Mama angeweza kujifunga mwenyewe, maana mikono yake bado ilikuwepo, lakini mara mbili wiki hiyo ilikuwa imeondoka katikati ya kazi na kumwacha mgongo wazi, kwa hiyo waliona heri wawahi. Wakakaa mezani wakitazama saa ya ukutani. Saa mbili kamili mikono ikaondoka. Haikutoa sauti. Pale ilipoishia, ngozi ilikuwa imejikunja vizuri kama ncha ya soksi, bila kidonda wala maumivu.

"Haya, nenda," mama alisema, akainamia mrija. "Utachelewa."

Hiyo ilikuwa wiki ya sita.

Redio halikuwa jina la kuzaliwa. Walimpachika kazini kwa sababu kutwa kucha alikuwa anazungumza, na ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Alikuwa afisa uhamasishaji wa kituo cha taifa cha kompyuta, mahali penye mtambo mmoja mkubwa wenye makabati kumi na mawili, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vyuoni, viwandani na kwenye ofisi za serikali akiwaeleza watu kwamba hesabu wanazozifanya mwaka mzima, mtambo utazimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hakuwa anadanganya. Aliwahi kumwona mtafiti wa magonjwa ya mimea akikaa chini sakafuni, koti na yote, baada ya kupata kwa nusu saa jibu alilolihangaikia miaka minne.

Mama yake alikuwa mkunga wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa kila mwanamke aliyemzalisha aliandika kwenye daftari kile ambacho mikono yake ilikisikia: kichwa kimekaa wapi, tumbo limekaza namna gani, alisubiri kwa muda gani na kwa nini. Madaftari yalifika arobaini na sita. Alipostaafu yalibaki stoo ya hospitali. Miaka miwili baadaye, kituo kilipotaka kuifundisha akili bandia kuwasaidia wauguzi wa wodi za wazazi, Redio aliyakumbuka. Akaenda na gari la ofisi, akapakia maboksi matano, akatia sahihi mahali palipohitaji sahihi. Jioni alimwambia mama yake kwamba madaftari yamechukuliwa yakatunzwe.

"Afadhali," mama alisema. "Kule stoo kuna mchwa."

Redio alitafuna tonge lake muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Wakaupa mfumo huo jina la Msaidizi, na ukafanya kazi vizuri kuliko walivyotarajia. Hospitali nne zilianza nao. Muuguzi aliandika mapigo ya moyo, saa za uchungu na alichokiona, na Msaidizi akajibu: mlaze ubavu wa kushoto, subiri. Au: mpeleke chumba cha upasuaji sasa hivi. Wauguzi walisema ni kama kuna mtu ameweka kiganja juu ya tumbo la mgonjwa. Na kweli kilikuwa kimewekwa. Siku ya kwanza ya kazi, saa mbili asubuhi, yule mkunga mstaafu alikuwa nyumbani anakata kitunguu, na kisu kikabaki peke yake juu ya ubao.

Mikono ilirudi saa kumi na moja jioni, imesinyaa kwa maji na kunuka sabuni ya hospitali. Mkunga aliipaka mafuta, akaikanda kidole kimoja kimoja. "Leo walikuwa tisa," alisema. "Mmoja alikuwa na mapacha." Kesho yake Redio alitazama taarifa ya Msaidizi. Walikuwa tisa, mmoja alikuwa na mapacha.

Alimpelekea habari Mkurugenzi wa kituo, mtu mwangalifu aliyeandika kila jambo kwenye kijitabu cha mfukoni. Mkurugenzi aliuliza kama kwenda na kurudi kwa mikono kunapunguza kasi ya mtambo. Redio alisema hapana.

"Basi tuendelee kufuatilia," Mkurugenzi alisema, akaandika.

Fundi wa mitambo, ambaye wote walimwita Baridi kwa sababu alishinda chumba cha mtambo amevaa sweta mbili, alikuwa anajua tangu mwanzo. Alimpeleka Redio mbele ya kabati la saba. Nyuma ya kioo, katikati ya nyaya za bluu, mikono miwili ilikuwa inafanya kazi hewani. Ilipapasa, ikageuza, ikatulia kusubiri, ikasogea tena.

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza, dada," alisema Baridi. "Na inajua kazi. Tazama mwenyewe."

Sasa, katika wiki hiyo ya sita, ilikuwa imefika siku ya kongamano la kituo. Waziri angekuwepo, na maprofesa, na wenye viwanda, na baada ya hotuba hospitali arobaini na mbili zingetia sahihi kutumia Msaidizi. Kuanzia hapo Msaidizi angefanya kazi mchana na usiku, si mchana tu. Redio alilijua hilo kwa mwezi mzima, kwa kuwa makaratasi aliyaandaa yeye. Asubuhi ile alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Mama, jioni nina neno nataka kukwambia."

"La heri?"

"La kazi."

Mama yake alimtazama jinsi alivyokuwa akiwatazama wanawake waliosema hawaumwi popote.

Barabara zilifungwa saa tatu kwa ajili ya msafara wa wageni. Saa nne na dakika kumi, Redio akiwa nyuma ya pazia la ukumbi anasubiri zamu yake, simu ilitetema. Ilikuwa namba ya fundi cherehani, jirani yao wa ukuta mmoja, mwenye mimba ya kwanza. Lakini aliyezungumza alikuwa mkunga.

"Fundi uchungu umemshika tangu alfajiri, kajikaza kimya. Sasa mtoto anakuja, na ametanguliza makalio. Gari la wagonjwa limekwama, wanasema mpaka msafara upite."

"Mama, mimi nitafanyaje kutoka huku?"

"Naomba mikono yangu. Nusu saa tu."

Nyuma ya sauti yake fundi alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima na gunia.

Redio alikwenda chumba cha mtambo kwa hatua za haraka lakini bila kukimbia, kwa sababu korido ilikuwa imejaa wageni. Baridi alimsikiliza, kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Sasa hivi wapo wanawake kumi na mmoja. Wawili wamekaribia. Nikizima, hao nao hawana mtu. Tangu tumeanza, wakunga wa zile wodi wamepunguzwa, amebaki muuguzi mmoja kwa zamu."

"Nani kawapunguza?"

"Wewe uliisoma hiyo ripoti, dada. Ulisema ni mafanikio."

Redio alitazama mikono. Ulikuwa ni ule mkono uliomfundisha kushika kalamu, na mwingine uliomshika sikio alipokataa. Wa kulia ulikuwa umebonyea chini, umetulia kabisa, kama unaosikiliza.

"Mmoja je?" aliuliza. "Wa kushoto?"

Baridi alifikiri. "Naweza kushusha nusu ya kabati. Itakuwa nzito, majibu yatachelewa. Lakini haitasimama."

Akashusha swichi. Mkono wa kushoto ulijifuta kwenye nyaya, kama unavyojifuta kwenye aproni, ukaondoka.

"Umefika," mkunga alisema kwenye simu. "Mmoja. Haya, tutaona."

Redio hakukata simu. Alichomeka kisikizi sikioni, akakifunika kwa mtandio, akapanda jukwaani. Mbele yake kulikuwa na watu mia tatu na Waziri katikati. Nyuma yake, kwenye skrini kubwa, hospitali nne zilionekana moja kwa moja, na wanawake kumi na mmoja kila mmoja na mstari wake wa kijani.

Alieleza jinsi mtambo unavyosaidia utafiti. Sikioni mama yake alisema, "Usisukume. Pumua. Mwache ashuke mwenyewe." Alieleza jinsi kiwanda cha nguo kilivyopunguza vitambaa vinavyotupwa. "Makalio yametoka. Usiniangalie mimi, angalia dari." Alipofika kwenye Msaidizi, swali la muuguzi wa hospitali ya tatu lilikuwa limekaa kwenye skrini bila jibu, na mstari wa mgonjwa ulikuwa umegeuka njano.

"Mbona inachelewa?" Waziri aliuliza.

"Inafikiri, Mheshimiwa," Redio alisema.

Watu walicheka. Mkurugenzi hakucheka. Aliinuka kwenye kiti chake cha mstari wa mbele, akapita pembeni ya ukuta akielekea mlangoni, na Redio alijua anakokwenda. Aliendelea kuzungumza. Hakukuwa na la kufanya ila kuzungumza. Jasho lilimshuka ndani ya gauni mpaka kiunoni.

"Mabega," mkunga alisema sikioni. "Bado kichwa. Mkono mmoja hautoshi, fundi, shika goti lako mwenyewe, livute kwako. Hivyo. Hivyo hivyo."

Mstari wa hospitali ya tatu uligeuka mwekundu.

Yaliyotokea chumba cha mtambo Baridi alimsimulia baadaye. Mkurugenzi aliingia akatazama kabati la saba, akaona nusu imezimwa. Baridi alimwambia linapozwa. Mkurugenzi aliuliza lini litamaliza kupoa. Baridi alisema dakika tano. Mkurugenzi aliuliza kama Baridi anajua nani amekaa ukumbini, kisha akapandisha swichi yeye mwenyewe.

Sikioni mwa Redio palikuwa na kimya.

Skrini ilijibu: mpeleke chumba cha upasuaji sasa hivi. Ukumbi ulipiga makofi. Redio alisimama amekunja mtandio ngumini, akisubiri makofi yaishe ili asikie. Yalipoisha alisikia kitu kama mlango unaokwaruza sakafu, kikakatika, kikarudi kwa nguvu. Alikuwa mtoto analia.

"Mkono umeondoka kichwa kikiwa kimetoka," mama yake alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nimemdaka kwa mapaja. Fundi anakata kitovu mwenyewe, mkasi tulishauchemsha. Hebu fundi, sio hapo. Mbele kidogo."

Mwanamke wa hospitali ya tatu alipona. Mtoto wake alikaa siku tisa kwenye mashine ya joto, kisha wakaruhusiwa. Ripoti iliandika kwamba kulikuwa na hitilafu ya muda ya kasi, dakika nne. Redio aliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Baridi alipewa barua ya onyo. Redio hakupewa kitu, kwa kuwa hospitali zote arobaini na mbili zilitia sahihi.

Jioni ya siku ile mikono ilirudi kwa mara ya mwisho. Redio alimweleza mama yake yote, kuanzia maboksi matano. Mkunga alisikiliza huku akijikanda vidole.

"Ungeniuliza," alisema mwishoni.

"Ungekataa?"

"Ningekubali. Madaftari niliyaandika ili mtu ayatumie. Ndiyo maana ungeniuliza."

Redio alichukua chupa ya mafuta, akavuta kiti, akaanza kuukanda mkono wa kushoto. Walikaa hivyo hadi chupa ikaisha. Asubuhi, saa mbili, mikono ikaondoka.

Wiki tatu baadaye mkunga aliitwa kituoni. Shirika la bima lilitaka kujiunga na mtambo, na wanasheria wake walikuwa wameuliza kama mwenye madaftari aliridhia. Mkunga alikuja na gauni la mikono mirefu, Redio akamvutia kiti. Mkunga alikuwa amejiandaa. Alisema ana mambo mawili. La kwanza, jina lake liandikwe kwenye Msaidizi, lionekane. La pili, mikono irudi nyumbani kila jioni, na zile hospitali zirudishiwe wakunga wa usiku.

"Hayo ni matatu," Mkurugenzi alisema kwa upole, akayaandika yote kwenye kijitabu. "Tutayafikiria. Fomu lakini imeshakamilika, mama. Tumekuita kwa heshima tu."

Akaisukuma fomu mezani. Chini kabisa palikuwa na sahihi ya mkunga, imelala kulia kidogo, na mkia wa herufi ya mwisho umerudi nyuma kama kawaida yake.

Mkunga aliinama akaitazama. "Hii ni sahihi yangu," alisema. "Nani kaitia?"

Baridi alikuwa amesimama mlangoni, sweta mkononi. "Niliagizwa nipitishe fomu na kalamu kwenye kabati la saba," alisema. "Mkono wa kulia ulikuwa na kazi. Ulisaini haraka, ukarudi."

"Ulisoma kwanza?"

"Mikono haina macho, mama."

Mkunga alitikisa kichwa polepole, kama anayekubaliana na vipimo. Mkurugenzi aliifunga fomu kwenye faili, akasimama, akamshukuru kwa mchango wake kwa taifa, akamnyooshea mkono. Kisha akakumbuka, akaurudisha mfukoni.

Redio alimsindikiza mama yake hadi kwenye teksi, akamfungulia mlango, akamfunga mkanda. Mama alisema usiku uliopita walikuwa themanini na sita, na kwamba ameacha kuhesabu mapacha. Gari lilipoondoka Redio alisimama kidogo kwenye jua, kisha akarudi ndani. Saa nane alikuwa na wageni wa shirika la bima, na hotuba yenyewe alikuwa hajaipitia.