Nongo Chini ya Mkanda

"Wewe Hadda, hapo umeruka!"

Sauti ya Hajjati Zhor ilivuka mvuke wa chumba cha moto, ikagonga kuba na kurudi. Wanawake waliokuwa wakijimwagia maji walisimamisha vikombe hewani. Hadda hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti juu ya vigae, mkono wa Wiam, mkwe wa Hajjati, umelala juu ya paja lake, na nongo zilikuwa zikitoka kwenye mkono ule kwa misokoto ya kijivu, kama inavyotakiwa.

"Nimeruka wapi, Hajjati?"

"Kwenye saa! Unasugua mpaka kwenye saa, halafu unaanzia ng'ambo, kama mvivu anayefagia kuzunguka mkeka. Ndiyo maana nasema. Siku hizi mnachukua hela za watu na kuwarudisha nyumbani na uchafu wao."

Kuna aliyecheka. Hadda alihisi uso ukimwaka, na si kwa moto wa hamamu, bafu la mvuke la mtaa. Alikuwa msuguaji hapa tangu mumewe alipofariki, na magoti yake yalikuwa na sugu ngumu kuliko visigino. Mtukane sura, mtukane ukoo, atanyamaza. Lakini kumwambia amemwacha mtu na nongo! Tena mbele ya watu! Mjini Taza neno kama hilo hufika sokoni kabla nywele za aliyelisema hazijakauka. Na kibaya zaidi, hamamu yenyewe ilikuwa mali ya kaka yake Hajjati, ambaye alikuwa hajui kumkatalia dada yake jambo lolote.

"Ni wewe uliyesema saa isivuliwe," Hadda alijibu.

"Alisema mwanangu, na mwanangu hasemi ovyo."

Saa ilikuwa ya kisasa, uso mweusi, mkanda mweupe wa silikoni. Mtaa mzima ulijua habari zake, maana Hajjati alizitangaza mwenyewe kwa majivuno. Mwanawe Abdelilah, mwenye duka la vyuma, alikuwa amemnunulia mkewe saa inayomwonyesha kwenye simu yake mke yuko wapi na moyo wake unapigaje. Ikikaa bila ngozi kwa muda mfupi tu, simu ya mume hulia. "Hayo ndiyo mapenzi!" Hajjati alipenda kusema. "Marehemu baba yake hakujua hata niko chumba gani."

Kila Alhamisi Wiam aliletwa nyuma ya mama mkwe wake, na kila Alhamisi Hadda alisugua mwili ule akiona alichokiona. Alama za vidole juu ya mkono, nyingine za kijani zinazopona, nyingine mbichi. Wenzake nao waliziona, maana hamamuni hakuna pa kuficha. Waliziona, wakaendelea kujimwagia maji.

Jirani aliyekaa karibu aliinama, akachungulia, akakunja pua. "Mh! Hajjati, kweli bwana. Angalia chini ya huo mkanda, kuna utelezi. Tena unanuka."

Hapo Hajjati akachomwa moyo. Yeye, anayepita nyumba za watu akipangusa madirisha kwa kidole, aonekane ana mkwe mchafu?

"Vua!" akaamrisha. "Vua uoshe, upesi, kabla simu haijamlilia mwanangu kazini. Na umvalishe hapo hapo!"

Hadda akafungua bizimu. Mkanda uling'ang'ania kidogo kabla ya kuachia, na Wiam akavuta pumzi kwa meno. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka, inatoa majimaji, duara zima kuzunguka kifundo. Jasho na sabuni vilikuwa vimefungiwa pale siku zote bila kuona hewa.

"Hujaivua tangu lini, binti?"

"Tangu aliponivalisha."

"Hata kulala?"

"Kulala ndiyo zaidi."

Hadda akamshika mkono, akamwongoza hadi kwenye bomba la maji ya baridi kule pembeni, ambako kelele za ndoo humeza maneno. Akamwagia kidonda maji. Kisha akaishika saa.

Mikanda ya namna hii alishaiosha mingi, maana wateja huisahau kwenye misumari ya ukutani. Sabuni nyeusi ya zeituni haikufaa. Huacha mafuta, na silikoni yenye mafuta hunata na kuokota kila uzi wa taulo. Maji ya moto nayo hapana. Alidondosha sabuni ya vyombo kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, akachukua mswaki laini uliokwisha kazi ya meno, akaanza upande wa ndani, ule unaogusa ngozi. Kisha matundu, maana humo ndimo uchafu unapojibanza. Kisha kitanzi, ambacho watu wote hukisahau. Povu likatoka la kijivu, baadaye likawa jeupe.

"Mama Hadda." Midomo ya Wiam ilikuwa haichezi. "Kaka yangu yuko stendi ya teksi, ananingoja. Nilimpelekea salamu kwa muuza maziwa. Nikivaa hiyo saa watanikamata kabla hatujatoka Taza. Nikiiacha, itamwita."

"Sasa unaniambia mimi ili iweje?"

"Juzi mume wangu ameniambia nikitaja tena kwenda kwa mama atanivunja mguu. Hatanii yule. Alienda dukani akachagua nondo, akaja nayo nyumbani. Iko nyuma ya mlango."

"Ebo! Unanitafutia balaa, mtoto wewe! Nikifukuzwa hapa nile nini, vigae?" Hadda alisema kwa ukali, na ukali ule ulikuwa wa kweli. Alimchukia kila mtu dakika ile: mume, mama mkwe, wanawake na vikombe vyao, na huyu msichana aliyeona wote akamchagua yeye.

"Najua. Nisamehe." Wiam akanyoosha mkono wenye kidonda. "Haya, nivalishe."

Hadda akafuta mkanda kwa kitambaa kikavu, ndani, nje, mpaka kwenye bizimu. Ulikuwa mweupe kama mpya. Akautazama, akatazama ile ngozi mbichi inayongoja kufungwa tena.

"Hadda! Umesinzia huko?" Hajjati aliita. "Njoo unisugue mimi sasa. Na safari hii usiruke, mzembe mkubwa!"

Hadda akapitisha saa kwenye mkono wake mwenyewe, akaifunga tundu la mwisho. Taa ndogo ya kijani ikawaka chini yake, ikaonja ngozi, ikatulia. Akavaa glavu yake ngumu ya kusugulia, akaivuta juu mpaka ikameza saa yote.

"Toka," akasema.

Wiam alimkodolea macho. "Mfuko wa nguo zangu anao Yamna. Hajjati amemkataza asinipe bila yeye."

Yamna, mlinzi wa nguo pale mlangoni, alikuwa hajamsemesha Hadda tangu Ramadhani ya mwaka juzi walipogombea ndoo na kuitana majina yasiyotamkika. Hadda hakuwa na namna ya kumwomba kitu.

"Mwonyeshe mkono," alisema. "Usiseme lolote. Mwonyeshe mkono tu."

Msichana akaondoka akitembea polepole, mkono ukutani, kama mtu aliyezidiwa na joto.

"Anakwenda wapi huyo?"

"Chumba cha baridi, Hajjati, akapumzike. Kizunguzungu."

"Na saa?"

"Nimeshamvalisha." Uongo ulitoka bila kukwama, naye mwenyewe akashangaa. "Lala, nikupake sabuni. Fumba macho sana, hii ya leo inachoma."

Alimpaka sabuni nyeusi kila mahali, mpaka kwenye kope, kisha akaanza na miguu. Moyo ulikuwa unamwenda mbio vibaya. Huko dukani, kati ya misumari na makomeo, Abdelilah alikuwa anauona ukikimbia, na wallahi heri adhani ni joto.

Saa ikatetema ndani ya glavu. Hadda akabana meno.

"Nini hicho kinachotetemeka?" Hajjati akauliza.

"Mkono wangu. Uzee."

"Uzee! Nenda basi kalee wajukuu, uwaachie kazi wenye nguvu. Nitamwambia kaka yangu, usidhani natania."

"Mwambie, Hajjati. Geuka."

Ndoo ikawekwa sakafuni kando yao. Hadda akainua macho. Yamna alikuwa amesimama pale, kanga imemlowa mpaka kiunoni, na macho yake yalikuwa mekundu. Mkononi alishika ule mfuko wa plastiki wa nguo za Wiam. Ulikuwa mtupu.

"Maji yako hayo, Hadda," alisema, akaukunja mfuko na kuondoka.

Hajjati akageuza shingo, macho yamefumbwa kwa sabuni. "Nani? Yamna? Nyie si mmenuniana? Mmeanza lini kuongea?"

"Leo."

"Mh. Na huyo msichana, mbona kimya?"

"Anapumzika."

Saa ikatetema tena. Safari hii haikuacha. Ilikuwa simu ya Abdelilah, inaita, inaita, inanyamaza, inaita upya, na kila mtetemo ulipanda kwenye mfupa wa Hadda mpaka kiwikoni. Hajjati akaanza kujiinua kwa viganja, akipapasa sakafu kutafuta kikombe cha kuoshea macho.

Hadda akakisogeza kikombe kwa goti, taratibu, mpaka kikawa mbali.

"Lala, Hajjati. Mgongo bado. Usije ukatoka hapa ukawaambia watu kwamba nimeruka."

Wanawake waliokuwa karibu waliusikia mtetemo. Jirani yule aliyekunja pua akatazama ile glavu, namna ilivyovimba kwenye kifundo, akatazama mlango wa chumba cha baridi. Kisha akateka maji, akajimwagia kwa kishindo.

Hajjati akalala. Hadda akaanzia shingoni, akashuka kwa mapigo marefu, bila haraka yoyote, na nongo zikaanza kutoka.