Dari ya Chumba cha Mama Mkwe

Ukoo mzima ulishakubali kwamba mama mkwe anahama kwa sababu ya mifupa. Mwanawe wa mwisho, anayeishi mji wa joto kule bondeni, alishamwandalia chumba. Mabinti walishagawana vyombo, na safari ilikuwa Jumamosi. Daktari alisema ni uzee, majirani wakasema ni uzee, na mama mwenyewe, mtu asiyependa kubishana na watu wengi kwa mpigo, akasema haya, ni uzee. Mtu mmoja tu katika familia alijua kwamba mifupa ile haikuwa na kosa. Huyo alikuwa mkwe wake, na alikuwa amenyamaza kwa misimu miwili ya baridi.

Watu walimwita Fundi Joto. Kazi yake ilikuwa kuzifanya nyumba kuukuu zikalike: anaziba nyufa, anabadilisha madirisha, anatandika sufi ya kioo juu ya dari ili joto lisipande na kupotea. Alikuwa na hotuba yake kwa wateja. "Nyumba ni sawa na mtu aliyelala," huwaambia. "Ukimfunika mwili mzima ukamwacha miguu nje, hujamfunika." Hotuba nzuri, na aliitoa bila kupepesa macho. Hapo ndipo mtu unapojiuliza huyu bwana macho yake yameumbwa kwa kitu gani.

Maana nyumba ya mama mkwe ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza, miaka mitatu nyuma. Alifunga mlangoni ile feni kubwa inayovuta hewa ili nyufa zijitaje zenyewe, akakuta upepo unaingia chini ya milango, pembeni mwa madirisha, hata kwenye matundu ya swichi. Akaziba kote. Akapanda darini na marobota ya sufi, akatandika juu ya sebule, jikoni, ukumbi na vyumba vya watoto. Alipofika juu ya chumba cha mama, sufi ikaisha. Ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni, mwili unamwasha kwa vumbi la sufi, na Jumatatu alikuwa na kazi nyingine upande wa pili wa mji. Akajiambia atarudi wiki ijayo. Wiki ijayo ya fundi unaijua.

Fundi mwenye adabu ya kazi hukagua kila chumba kwa ndani kabla hajasema amemaliza. Lakini kile kilikuwa chumba cha mama mkwe, na mkwe haingii humo. Heshima hiyo ilimfaa sana siku ile. Akakusanya vyombo vyake, akateremsha ngazi, na mama akamuuliza, "Na kwangu umemaliza, baba?"

"Kwako ndiko nilikoanzia, mama," akajibu.

Msimu wa kwanza wa baridi mama alisema chumba chake kina ubaridi kidogo, akaongeza blanketi. Wa pili akaanza kumeza vidonge vya viungo. Hapo Fundi Joto akajua. Kila alipotaka kusema aliona jambo limeshakua. Wiki ile ya kwanza lingekuwa uzembe, basi, watu wangecheka yakaisha. Sasa mama alikuwa amekwenda hospitali mara nne, na mkewe alikuwa akilia kwamba mama anazeeka vibaya, naye anambembeleza mkewe kwa mkono uleule ulioacha ile dari wazi. Alijichukia. Lakini kujichukia hakutandiki sufi.

Na kubwa kuliko yote, aliifanya nyumba ile kuwa nyumba ya mfano. Kila mteja aliyesitasita alipelekwa kwa mama mkwe. Mama huwakaribisha, huwapa chai, huwaambia nyumba yake ilikuwa chujio na mkwe wake ndiye aliyeifanya nyumba. Wageni hugusa kuta, huangalia madirisha ya vioo viwili, hupanda darini upande wa sebule. Chumbani kwa mama hakuna aliyeingia.

Alhamisi ile, siku mbili kabla ya safari, alimleta mwalimu mstaafu aliyerithi nyumba ya wazazi wake na hakujua aanzie wapi kuitengeneza. Pamoja nao alikuja Mpimaji, mwanamke ambaye Fundi Joto alikuwa ameanza kushirikiana naye mwezi ule. Mpimaji alikuwa na kamera ya joto: ukiielekeza ukutani, penye joto panaonekana njano, penye baridi zambarau. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kazi yake ilimtosha.

Walizunguka sebuleni, jikoni, ukumbini. Kote njano. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mpimaji akafika kwenye mlango wa chumba cha mama, akauliza, "Na humu?"

"Humo ni kwa mama," Fundi Joto akadakia. "Tusimsumbue."

"Mimi si mkwe," Mpimaji akasema. "Mama, naruhusiwa?"

"Ingia mwanangu," mama akasema kutoka sebuleni. "Samahani kwa fujo, nafunga mizigo."

Aliingia. Fundi Joto akabaki ukumbini akisoma kalenda ya mwaka uliopita kana kwamba kuna mtihani. Mpimaji alipotoka alimgeuzia kamera tu. Juu ya kitanda, kutoka ukuta hadi ukuta, dari yote ilikuwa zambarau.

Mwalimu alikuwa nyuma yao. "Hiyo ni nini?" akauliza.

Uso umeumbwa na haya, lakini ulimi haukuumbwa nayo. "Panya," Fundi Joto akasema. "Huwa wanaihamisha sufi. Napanda sasa hivi nikaangalie."

"Panya?" mama akashangaa. "Mbona siwasikii?"

Fundi Joto alikwishashika ngazi.

Kule darini alitambaa juu ya maboriti hadi mwisho wa sufi. Mwisho huo ulikuwa umenyooka, umekatwa kwa kisu, na mkono uliokata aliujua. Mbele yake zilikuwa mbao tupu zenye vumbi. Alipiga magoti akiwa na tochi mdomoni, mtu mzima mwenye watoto watatu, akitafuta kinyesi cha panya kwa matumaini. Hakukipata hata kimoja.

"Umewaona?"

Sauti ya mama ilitoka chini yake hasa. Alikuwa ameingia chumbani, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kati yao isipokuwa mbao, alisikika kama wameketi meza moja. Alimsikia hata alipokaa kitandani na kuguna kwa sababu ya magoti.

"Mama," akasema, akiitoa tochi mdomoni.

"Naam."

"Hakuna panya."

Akaizima tochi.

"Sufi iliisha nilipofika kwako. Nilitaka kurudi, sikurudi. Hapa juu yako hapajawahi kuwa na kitu, mama. Ni baridi ya dari. Si mifupa."

Alitamani mama apige kelele. Mtu akikupigia kelele unapata pa kujishika. Lakini mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shuka uje uyaseme hapa."

Alishuka. Alipita mbele ya mwalimu na Mpimaji bila kuinua macho, ovaroli imejaa vumbi, akasimama kwenye kizingiti.

"Ingia," mama akasema.

"Mama, siwezi kuingia humo."

"Leo unaingia. Umenilaza humu miaka mitatu, njoo uone ulikonilaza."

Akaingia. Kitanda kilikuwa kimesogezwa katikati ya chumba, mbali na kuta. Juu yake kulikuwa na mablanketi manne, na chini ya mto kofia ya sufu ya kulalia. Kwenye kabati vidonge vilipangwa kwa siku. Sanduku la safari lilikuwa wazi, na ndani yake, juu kabisa, mama alikuwa ameweka nguo nyepesi mpya za mji wa joto, bado zina lebo. Fundi Joto alitazama vyote hivi kimoja kimoja kwa sababu hakuthubutu kumtazama mwenyewe.

"Usiku nikivuta blanketi la nne," mama akasema, "nilikuwa nakuombea. Nasema, kama mkwe wangu asingeitengeneza hii nyumba, ningekuwa nimeshakufa kwa baridi."

Machozi yalimtoka Fundi Joto na hakuwa na haki nayo, alilijua hilo, akayafuta haraka kwa mkono wenye sufi na macho yakamwasha zaidi.

"Nisamehe, mama. Leo hii naleta marobota. Kabla jua halijazama patakuwa sawa, hutahitaji kuhama."

"Utaleta. Hilo si la kuombwa." Mama akanyoosha mkono kwenye kabati, akachukua simu, akatafuta jina polepole kwa kidole kimoja. "Lakini kuna mtu amehamisha wanawe chumba kwa ajili yangu. Amewaambia walimu wao, amewaambia majirani, mama yangu amechoka sana anakuja kwangu. Nami nimemwambia kwa mdomo wangu nimezeeka, siiwezi tena nyumba yangu. Nikalia, baba. Nililia kwenye simu."

Simu ikaita. Fundi Joto akapata tumaini moja dogo la aibu: kwamba mama, kwa ule upole wake, angetafuta maneno. Angesema dari imeharibika, au mafundi wamekosea, mafundi wengi, mafundi tu.

"Mwanangu," mama akasema, "shemeji yako yuko hapa, ana neno." Akampa simu.

Mlango ulikuwa wazi. Ukumbini mwalimu na Mpimaji walikuwa wamesimama, hawakwenda na hawakukaribia.

"Shemeji," Fundi Joto akaanza. "Habari za huko. Sikiliza, kuhusu safari ya mama. Haitakuwapo. Tumegundua leo kwamba juu ya chumba chake sufi haikuwekwa. Ilikuwa inaingia baridi. Ni kosa langu, shemeji, nilisahau wakati ule wa kazi, na leo tumepima ndipo tukaona. Kwa hiyo mama hana ugonjwa wowote, ni mzima, tushukuru..."

Mama aliinua mkono. Hakuonekana na hasira, alionekana tu kama mtu anayesikiliza somo analolijua.

"Anza tena," akasema. "Hujamwambia kwamba ulikuwa unajua."