Chupa Mbele ya Mswala

...ya pili au ya tatu, hii rakaa ni ya ngapi, Maimuna hajui tena, mikono iko kifuani, macho yako chini pale paji la uso litakapogusa, na mbele ya mswala imesimama ile chupa ya uji, nyekundu yenye maua meupe, aliyoiweka mwenyewe ili watu wasimkatize mbele, kana kwamba uwanja mzima wa hospitali umekosa hata tofali moja, na Alhamdu ameisoma au hajaisoma, ameisoma, hapana, alianza, akafika katikati, dirisha la wodi likamletea sauti ya Shadya, ai mawe, mama wee, sauti ya mwanawe, ndefu, imekatika mwishoni... akapotea, basi aanze upya, aanze polepole, neno moja moja, hakuna anayemfukuza, maana mtu akiwa anaswali haulizwi kitu, hilo wanalijua wote, hapa Muleba na kule Bukoba, Mwislamu na Mkristo, akishasimama juu ya mswala humgusi bega ukamwambia mama njoo mara moja, unamsubiri, na Maimuna anajua kabisa kwamba anasubiriwa, Adhuhuri aliiswali kitambo, akaunganisha sunna, akaunganisha nyingine, na hizi anazoswali sasa hata hajui aziite nini, anaswali tu, na wale kinamama wawili kwenye benchi nyuma yake, wanaowauguza wagonjwa wao na ambao hata jana hawakumjua, wameshaanza kumsifu, "Mama wa watu, tangu saa saba yuko pale," anasema mmoja, "hiyo ndiyo imani," anasema mwenzake, "sisi tumekaa hapa kuhesabu mabasi ya Biharamulo," wanacheka kidogo, na Maimuna angepata shimo angejitumbukiza humo.

Imani, wangejua... Allahu akbar, anainama, mikono juu ya magoti, mgongo unamuuma, na anaomba, hapo hadanganyi, tangu alfajiri ulimi wake haujatulia, Mola mkinge Shadya, mkinge na kisu, mkinge na damu, mkinge na shari anayoijua na asiyoijua, lakini chini ya dua hiyo kuna nyingine imejikunyata, haisemi kwa sauti, nayo inaomba Mola amkinge yeye Maimuna na Sista Mushumbusi, Sista asitokee pale mlangoni, asimwone, asimwulize tena, kwa maana alishamwuliza mara moja, alitoka wodini na glavu mikononi, binti mdogo tu, huenda ni rika la Shadya, akasema, "Mama, njia ilifunguka kidogo alfajiri, tangu hapo haijasogea, daktari anataka tumtundikie dripu ya kuongeza uchungu, sasa niambie ukweli, amekunywa dawa yoyote ya kienyeji? Usinifiche mama, vikikutana hivyo viwili kizazi kinapasuka, tunampoteza yeye na mtoto," na benchi zima likageuka kusikiliza, hata aliyekuwa anamenya chungwa akaacha, na Maimuna, Bi Maimuna wa Kashai, anayewakalisha wanawake kila Ijumaa kuwafundisha dini yao, akakisikia kinywa chake kikisema, "Hapana mwanangu, uji tu," uji tu, na chupa yenyewe alikuwa ameikumbatia, Sista akaitazama chupa, akamtazama yeye, akasema, "Sawa mama, tunamsubiri Daktari Gozbert amalize na mgonjwa mwingine," akageuka, na Maimuna naye akageuka, akaenda bombani kutia udhu, na tangu hapo yuko hapa.

Anasimama, anashuka, sijda ya kwanza, paji linafika chini na pua inakaribia kitako cha chupa, na harufu ile, hata kifuniko kimekazwa, harufu inatoka, uchungu wa majani uliojificha ndani ya utamu wa ulezi, na si ushirikina, anajitetea, anamtetea nani mbele ya nani, hapakuwa na kuku wala hirizi, ni majani tu yaliyotwangwa, Mama Rwekaza jirani yake ndiye aliyemfungia ndani ya jani kavu la mgomba asubuhi ile anatoka Kashai kuja kwa binti yake, "Bi Maimuna waitu, beba omubazi huu, dawa haiozi, huwezi kujua," na yeye akaitia mkobani chini ya khanga, akijiambia hataitumia, lakini mtu hafungi kitu kwenye khanga tatu kama hana nia nacho, na dawa hiyohiyo ndiyo iliyomtoa Shadya tumboni mwake miaka ishirini na mitatu iliyopita, siku mbili za uchungu, nguvu zimemwisha, mama yake Mama Rwekaza akaja na kikombe na kabla ya jua kuzama mtoto analia, kwa hiyo leo alipomkuta mwanawe amekaa ukingoni mwa kitanda, midomo imekauka, anasema, "Mama nimechoka, mama siwezi," alifanya alichofanyiwa, mama gani asingefanya, alimwaga unga ule ndani ya uji, akatikisa, akamimina, "Mama, mbona mchungu hivi?" "Kunywa, ni tangawizi imezidi," na Shadya akanywa kwa sababu ni mama ndiye aliyesema, nusu kikombe, labda nusu na kidogo, Mola wangu labda zaidi... huo ukawa uongo wa kwanza, na wa pili mbele ya Sista ukaja wenyewe, haukuhitaji kuitwa.

Anakaa, anarudi chini, hii ni sijda ya pili, au ndiyo ya kwanza inaendelea, na dirishani Shadya analia tena, mara hii kilio hakijapumzika sawasawa kabla kingine hakijakipanda mgongoni, dawa imeanza kufanya kazi, hilo Maimuna analijua mwilini mwake mwenyewe, anaukumbuka mwendo ule, basi huenda mtoto anakuja, huenda hata dripu haitahitajika, wataona wenyewe, wataona, wamesoma, wana mashine, kwa nini lazima aseme yeye, Mola wewe ni mwenye kusitiri, nisitiri, na hapo moyo unamwambia nenda kamwambie Sista, na kichwa kinamwambia ngoja, nenda ukaaibike, jana si uliona nesi mwingine akimfokea yule bibi kizee wa watu mpaka akajifunika uso, na habari ya hapa itafika Kashai kabla yake, kwamba Bi Maimuna, ambaye Ijumaa tatu hazijapita amewaambia wanawake mbele ya watu wazima, mjamzito hospitali, mambo ya majani yaacheni, na wakaitikia wote kwa sauti, na Mama Rwekaza alikuwepo, akamtazama tu... na Riyadhi, mkwewe, amepiga simu saa tano yuko Kemondo wanashusha mzigo, "Mama, nikimaliza nachukua pikipiki nakuja, ila mimi sina wasiwasi, yuko na wewe," yuko na wewe.

"Mama yake Shadya yuko wapi?" Ni Sista. Sauti iko nyuma, karibu na benchi. Maimuna yuko chini, paji limegandamana na mswala, haondoki. "Yule pale, anaswali," anasema mmoja wa wale kinamama, "mwache kwanza, Sista, anamwombea mwanawe," na Sista anasema, "Anaswali tangu nimemwacha?" na mwingine, "Ana imani huyo, usimkatize," kisha viatu vya mpira vinasogea kidogo kwenye kokoto, vinasimama, yuko hapo, anasubiri, hawezi kusubiri daima, na Maimuna anajitia hamnazo, anavuta sijda, anasema moyoni ametakasika Mola wangu aliye juu, anasema tena, anasema mara ya saba, ya kumi, hakuna aliyewahi kuivuta sijda namna hii katika ukoo wao, "Basi akimaliza mwambieni daktari ameshakuja, tunamtundikia sasa hivi," anasema Sista, na viatu vinaondoka, kokoto, kokoto, saruji ya kibaraza, na yeye yuko chini amebaki na Mungu wake, ndivyo alivyotaka, amebaki naye peke yake na ghafla hana la kumwambia.

...Yunus. Kwa nini Yunus, hajamfikiria mdogo wake mwaka mzima, lakini huyo anakuja, ana mwaka mmoja na miezi, amejifunza kutembea juzi, anakwenda kwa hatua zake za kilevi katika ua wa nyumba yao ya Kashai, na kwenye mafiga sufuria la ndizi, ebitoke, linatokota, na barazani baba yao, Mwalimu Anwari, anaswali Alasiri, na Maimuna wa miaka minane yuko nyuma yake, mtandio umemfunika mpaka puani, anafuata, na kwa pembe ya jicho anamwona Yunus anakwenda, anakwenda, mkono umenyooshwa kwenye moto, na yeye hasogei, hatoi sauti, kwa sababu anaswali na baba alisema anayeswali hageuki, na baba, ambaye hakuwahi kugeuka hata radi ilipopiga mgomba wa jirani, baba akavunja swala, hakutoa salamu, hakukohoa, aliruka tu, kanzu imeinuliwa mpaka magotini, akamnyakua Yunus kwa mkono mmoja, na mvuke ukamchoma yeye kwenye kiganja, akarudi akakaa barazani anapuliza kile kiganja, akauliza, "Maimuna, ulimwona?" "Nilimwona, baba." "Sasa?" "Nilikuwa naswali." Akamtazama sana. Hakukasirika, angekasirika ingekuwa nafuu. "Ulikuwa unamwogopa Mungu, au ulikuwa unaniogopa mimi?" na Maimuna akaangua kilio, na baba akamfuta kamasi kwa ncha ya kanzu akasema, "Ukimwona mtoto anakwenda motoni, vunja, kimbia. Ukirudi utamkuta Mungu palepale," kisha akasimama akaanza swala yake upya, na akamwambia naye aanze.

Unamwogopa nani, Maimuna, unamwogopa nani wewe, miaka arobaini imepita na bado hajajibu, amekimbilia hapa akasema anakimbilia kwa Mola, na kweli hakuna pengine pa kukimbilia, lakini alikuja kama mtu anayejificha nyuma ya mlango, anawachungulia wanadamu kwenye tundu, Sista, benchi, wanawake wa Ijumaa, na aliyemkimbilia amempa kisogo, Yeye ambaye alikuwepo kikombe kikimiminwa, alisikia ile tangawizi, alisikia ule uji tu, aliona khanga tatu zikifunguliwa moja baada ya nyingine, hakuna cha kumficha, na hajamfukuza, paji lake bado liko chini, limepokelewa, mchana kutwa limepokelewa pamoja na uongo wake... na hapo kitu kinamlegea kifuani, anasikia machozi yanashuka kwa njia ya kichwa chini, yanaingia kwenye nyusi, anaona haya, anaona haya kweli, lakini haya hii haimtishi kama ile, maana anayemwonea haya ndiye huyohuyo anayemshika, basi waseme, waseme Kashai nzima mpaka ufukweni, wasije Ijumaa, yule binti wa rika la mwanawe amfokee mbele ya wamenya machungwa, Mola nipe miguu, hicho tu, haombi tena asitiriwe, nipe miguu, na dirishani Shadya anaita, halii, anaita, "Mama!" na sauti ya mwanamume inasema kitu kuhusu dripu, inasema ishike hapo, na Maimuna hamalizi sijda, hasomi tahiyatu, hatoi salamu kulia wala kushoto, anainuka kwa magoti yake mabovu, anaikamata chupa ya uji, viatu vimebaki huko ubavuni mwa mswala, kokoto zinamchoma nyayo, "He! mama vipi?" anasema mmoja kwenye benchi, kibaraza, saruji ya baridi, mlango, na Sista Mushumbusi anatokea mlangoni na glavu mpya mikononi.

"Mama, umemaliza kuswali?"

"Sijamaliza," anasema Maimuna, na anamnyooshea chupa. "Alikunywa, mwanangu. Asubuhi hii, zaidi ya nusu kikombe. Dawa yenyewe imo humu."