Runinga ya Picha Kali

“Rudisha ulikoitoa.”

“Siirudishi.”

“Basi nitairudisha mimi, na wewe nikuache hukohuko dukani wakuweke kwenye kabati la vioo.”

Ugomvi ulianzia getini, ukaingia ndani pamoja na boksi, na sasa ulikuwa umesimama katikati ya sebule. Mama Pacha, mshonaji, alikuwa na pini mdomoni, lakini pini hazijawahi kumzuia kusema. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa ameegemea boksi lililomzidi upana. Pacha wenyewe walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kupunguza sauti.

“Hii siyo runinga tu, mke wangu. Hii ni picha kali. Ukali wa mwisho. Unaona mpaka vinyweleo vya mtangazaji.”

“Vinyweleo vyake vinanihusu nini? Ile ya zamani ina ubaya gani?”

“Ile inaonyesha watu kama wako nyuma ya pazia.”

“Habari zenyewe ni uongo uleule. Uongo ukiwa na picha kali unageuka kweli?”

“Muuzaji amesema ukikaa karibu ndiyo unaiona tofauti.”

“Kukaa karibu!” Mama Pacha alizitema pini kiganjani. “Sebule hii ukinyoosha mguu unapiga ukuta. Kuna namna nyingine ya kukaa humu? Na mama yako ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Unamletea picha kali ya nini, ya kunusa?”

“Msinitie kwenye vita vyenu,” alisema mama mkwe kutoka pembeni. “Mimi runinga huwa nasikiliza.”

Muuzaji alikuwa ameongeza jambo moja ambalo muuzaji mwenye akili hasemi: kwamba vituo vingi bado vinarusha picha ya kawaida, na kinachopigwa kwa kamera kali kwelikweli ni matangazo ya biashara. Dereva alilirudia jambo hilo kwa fahari, bila kulifikiri.

“Kwa hiyo umenunua mashine ya kutazamia matangazo,” alisema Mama Pacha.

Dereva akafungua boksi.

Jioni hiyo, kabla ya taarifa ya habari, lilikuja tangazo la jengo jipya la maduka. Lilikuwa tangazo la kila siku. Mwanamke mwenye gauni la njano anaingia na mifuko mikononi, anacheka peke yake, anapita nguzo za mlangoni, anapanda ngazi inayojiendesha. Mama Pacha alikubali moyoni kwamba gauni limeshonwa vibaya kwapani, na kwamba kwenye runinga ya zamani asingeliona hilo. Hakulisema.

“Yule kamba za kiatu hazijafungwa,” alisema mama mkwe, yeye ambaye huwa anasikiliza tu.

“Nani, mama?” aliuliza dereva.

“Mdogo wako. Kwenye ile nguzo.”

Dereva alizima sauti. Wakasubiri habari ziishe, tangazo lirudi.

Mdogo wake dereva alikuwa fundi mwashi. Watu walimwita Msumari kwa wembamba wake. Alifanya kazi kwenye jengo lile lilipokuwa bado mbao na vyuma, na jioni moja hakurudi nyumbani. Kampuni ya ujenzi ilisema ametoroka na vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lisiache matundu. Dereva alikwenda ofisini kwao, akavua kofia, akaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Kitanda cha Msumari kilitolewa sebuleni, ikaingia meza ya kukatia nguo. Mama Pacha alisema: “Shemeji yangu akiazima kijiko anakirudisha kimeoshwa. Mashine hiyo hakuiba.” Akajibiwa kwamba ukoo si wake. Mama mkwe tangu siku ile aliacha kumtaja mwanawe wa mwisho, na majirani nao wakaacha kumuuliza.

Sasa Msumari alikuwa ndani ya nguzo, anaonekana vizuri kabisa, kama samaki kwenye maji yaliyotulia. Alikuwa wa rangi ya saruji tangu nywele hadi viatu. Mkono mmoja ulikuwa juu na mwiko wa kazi. Vaibreta ilikuwa katikati ya miguu yake, na waya wake umemzunguka kiunoni. Kamba za kiatu cha kushoto zilikuwa wazi, kama kawaida yake.

“Amekonda,” alisema dereva.

“Huyo alizaliwa amekonda,” alisema mama mkwe.

Mama Pacha aliiweka runinga ya zamani chini, kando ya mpya, akaiwasha, na wakalisubiri tangazo tena. Kwenye ya zamani nguzo ilikuwa na doa, kama ukuta uliovuja. Muda wote ule walikuwa wakikaa hapo, wanakula, wanamtazama, wanadhani ni unyevu.

“Haya,” alisema Mama Pacha. “Mwizi wenu huyo. Na mashine yenu hiyo.”

Kesho yake Msumari alikuwa amebadilika. Alikuwa ameegemeza bega upande mmoja, kama mtu aliyechoka kusimama. Mama mkwe alisogeza kiti mpaka goti likagusa kioo, akamwambia afunge kamba za kiatu asije akajikwaa. Tangazo lilipokuja mara ya pili, Msumari alikuwa anajaribu kuinama. Nguzo ilikuwa nyembamba. Alifika magotini, akakwama, akajinyoosha tena, akamtazama mama yake kama anayesema si kwamba nimekataa. Mwanamke wa gauni la njano alipita mbele yake akicheka.

Majirani walikuja. Muuza mkaa alisema ndiye. Kinyozi alisema ndiye, na nywele zile alimnyoa yeye. Wote walikaa karibu, kwa kuwa hapakuwa na mbali. Mwisho alikuja mwanamume ambaye Mama Pacha alimfahamu kwa sura tu. Alikuwa saidia fundi wa Msumari kwenye jengo lile. Alitazama tangazo mara moja, akaomba maji.

“Ni mimi niliyekuwa nampandishia ndoo,” alisema. “Alikuwa juu ya nguzo, anatikisa zege, akateleza akaingia na mashine. Tulipiga kelele. Tukasema simamisheni, mtu yumo. Mnyapara akachungulia, akasema zege halilali.”

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila aliyewahi kujenga hata choo anajua kwamba zege likishakorogwa linamwagwa mpaka mwisho. Ukikatisha katikati, nguzo inapata mshono, na nguzo yenye mshono haibebi.

“Mkaendelea kumwaga,” alisema Mama Pacha.

“Tuliendelea.”

“Na ulinyamaza.”

“Nina watoto, dada.”

“Na huyu mama ana nini? Ana kuku?”

Saidia fundi alikunywa maji yake, akaiweka bilauri chini taratibu, akaondoka. Kesho yake alikwenda kazini kama kawaida, kwenye jengo jingine la kampuni ileile.

Mama Pacha na mama mkwe walikwenda kwa kampuni. Ofisi ilikuwa ndani ya jengo hilohilo la maduka. Kwa macho matupu nguzo ilikuwa nguzo tu, imepakwa rangi ya kung’aa. Mama mkwe aliipapasa, akaegemeza paji la uso.

“Bibi, hairuhusiwi kuegemea,” alisema mlinzi.

Ofisa wa mahusiano aliwakaribisha vizuri. Ukutani kwake kulikuwa na runinga kubwa kuliko ya dereva, na Msumari alionekana humo hadi mishono ya shati.

“Ni yeye,” alisema ofisa kabla hawajauliza. “Tunamwona kila siku. Hata mkurugenzi anamjua kwa sura.”

“Basi mtoeni,” alisema Mama Pacha.

“Mama yangu, yule anabeba. Mhandisi alizipima nguzo zote zilipokauka, ile ndiyo imara kuliko nyingine. Tukimtoa, ghorofa ya juu inakaa vibaya. Na pale juu kuna benki.”

“Mlisema ameiba mashine.”

“Tulikosea, na tumeshasahihisha. Mashine tumeiona. Wizi tumeufuta.” Alitabasamu kama anayekabidhi zawadi. “Sasa hivi ameandikwa mtoro kazini.”

Mama mkwe aligeuza uso kuifuata sauti. “Mtoro? Mwanangu hajatoka kazini hata kwenda kula.”

“Haripoti getini asubuhi, bibi. Asiyeripoti getini ni mtoro. Ndiyo utaratibu.”

“Andika mmemuua,” alisema Mama Pacha.

“Nani kamuua, mama? Zege?”

“Mnyapara wako alisema zege halilali.”

“Na ni kweli halilali,” alisema ofisa, bila ubaya wowote, kama mtu anayesema maji yanalowesha.

“Kwa hiyo na yeye hajalala tangu siku ile,” alisema mama mkwe. Ofisa alitazama saa. Akawapa kila mmoja mfuko wa karatasi wenye picha ya mwanamke wa gauni la njano, na kalamu ndani yake.

Njiani Mama Pacha aliutupa wake. Mama mkwe alibaki na wake. Alisema utafaa kuwekea vifungo.

Tangu hapo dereva akawa anakula ameipa runinga mgongo. Haikumsaidia. Msumari alikuwa amegeuka ndani ya nguzo na sasa alitazama upande wa meza. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomkosesha dereva tonge. Angemtazama kwa chuki, angalau wangegombana.

“Runinga hii tuirudishe,” alisema jioni moja.

“Umesemaje?”

“Ile ya zamani ilikuwa inatosha. Ulisema mwenyewe.”

“Nilisema kabla sijamwona shemeji yangu,” alisema Mama Pacha. “Wewe ndiye uliyetaka vinyweleo. Tazama vinyweleo.”

Hata kabla hawajamaliza, hodi ikapigwa. Alikuwa fundi wa runinga, kijana wa watu, safi, ana fulana ya kampuni ileile na begi la vifaa. Alisema ametumwa bure. Kampuni inajali macho ya wananchi. Picha kali inachosha macho, hasa ya wazee, na yeye anapita nyumba hadi nyumba kuilainisha. Majirani nao walikuwa wameanza kununua za aina hiyo; alikuwa ametoka kwa kinyozi. Kwa muuza mkaa alimaliza jana.

“Kulainisha vipi?” aliuliza Mama Pacha.

“Napunguza ukali tu, mama. Kila kitu kinabaki. Yule mwenye gauni mtamwona, ngazi mtaziona. Mambo madogomadogo ndiyo yanapotea.”

“Madogomadogo.”

“Madoa madoa hivi.”

Alishika rimoti, akafungua mipangilio, akamtazama mwenye nyumba. Dereva alikuwa ameinamisha kichwa.

“Punguza,” alisema.

“Baba Pacha!”

“Nimechoka kutazamwa! Mimi ndiye nilikwenda kumwombea radhi. Nilivua kofia mbele ya watu waliomwagia mdogo wangu zege, nikawaambia tusameheni, huyu mtoto ametuaibisha. Kila jioni ananitazama na hasemi kitu. Punguza, kijana. Punguza mpaka aishe.”

Fundi alibonyeza. Msumari akaanza kuingia ukungu miguuni: kwanza kamba za kiatu, kisha mashine. Mama mkwe, goti lake kwenye kioo, alinyoosha mkono akaupapasa ule ukungu kama anayefuta dirisha.

“Mbona anaondoka?” aliuliza. “Nani amemwambia aondoke?”

Mama Pacha aliweka mkasi mezani. Akamnyang’anya fundi rimoti, akaitia mfukoni mwa aproni. Akachomoa waya wa umeme ukutani. Akaondoa vitambaa vyote kwenye meza ya kukatia, ile iliyokaa mahali pa kitanda cha Msumari, akaiburuta hadi barazani, ikakaa ukingoni mwa barabara waipitayo wenye magari kwenda kwenye yale maduka.

“Kamata upande ule,” alimwambia mumewe.

Dereva hakusogea.

“Ulivua kofia kimyakimya ofisini, sasa ivue barabarani. Kamata upande ule, Baba Pacha, kioo hiki si cha mtu mmoja.”

Dereva alikamata. Walipita mlangoni kwa ubavu, kama walivyopita nacho siku ya kwanza wakitukanana. Wakaisimamisha juu ya meza, kioo kikitazama barabara. Mama Pacha akavuta waya mrefu wa cherehani na kuchomeka.

“Mama, nje vumbi litaiharibu,” alisema fundi.

“Vumbi!” alisema Mama Pacha. “Nenda kamwambie aliyekutuma kwamba madoa yake yamefika barabarani.”

Fundi alikunja begi lake. Alikuwa na nyumba nyingine mtaa wa pili.

Tangazo likaanza. Magari yalipunguza mwendo. Wengine walishusha vioo, wakatazama, wakasema kweli kuna mtu mle, kisha wakapandisha vioo na kwenda kununua walichokuwa wanakwenda kununua. Dereva alivua kofia, akasimama kando ya meza.

“Huyo ni mdogo wangu,” aliliambia kila gari. “Hakuiba. Hajatoroka. Yumo humo.”

Kule mbele taa za jengo ziliwaka zote, na ghorofa ya juu ilikuwa imekaa vizuri.

Mama mkwe aliburuta kiti chake mpaka mezani. Mama Pacha alitoa rimoti mfukoni, akatafuta pale kijana alipopagusa, akaongeza ukali hadi ukagoma.