Pumzi Ishirini kwa Dakika

Tangu maradhi yale yaingie nchini, nesi hakuwa tena na chumba. Alikuwa na dirisha. Kioo kiling'olewa, nafasi yake ikazibwa kwa nailoni, na wagonjwa wakapangwa nje juani, kila mmoja ndani ya duara lake la chokaa. Siku hiyo walikuwa mia moja na ishirini na mbili, naye alikuwa peke yake, maana mwenzake alilala kitandani kwa maradhi hayohayo.

Mkuu wa kituo, ambaye wafanyakazi walimwita Safi Kabisa kwa kuwa hilo ndilo neno lake, alikuwa ametoa amri: mgonjwa mmoja, dakika moja. Tena daftari lijae. Joto, uzito, pumzi, kila safu. Sasa, pumzi za mtu huhesabiwa kwa kumtazama kifua dakika nzima, umenyamaza. Nani alikuwa na dakika hiyo ya kuchezea? Nesi akafanya kama walivyofanya wote pale, hata kabla ya maradhi: kwenye safu ya pumzi aliandika ishirini. Ishirini kwa mzee, ishirini kwa kijana, ishirini kwa aliyekuja kwa miguu na kwa aliyebebwa mgongoni. Asubuhi nyingine aliijaza safu nzima kabla hata foleni haijaanza.

Wa sabini na kitu alikuwa Fundi Pindo, mshona nguo, yule aliyewashonea wafanyakazi wa kituo barakoa kwa mashuka makuukuu wakati serikali ilipoahidi kuleta za kwake na kuwaacha wakikodoa macho barabarani. Alikuja na mumewe.

"Kifua kimebana, mwanangu," alisema. Akavuta hewa. "Naongea..." akavuta tena, "kama cherehani inayokata uzi."

Watu wa nyuma walicheka. Nesi naye akacheka. Kipimajoto hakikuonyesha homa ya kutisha, basi akampitishia vidonge chini ya nailoni.

"Pumzika, mama, na unywe maji ya vuguvugu. Vipimo vyako viko sawa, nimeshaviandika."

"Umesikia?" Fundi Pindo alimgeukia mumewe. "Wewe roho juu tu."

Alifariki siku ya tatu asubuhi, juu ya mkokoteni, mumewe akiusukuma kumrudisha kituoni.

Habari zilipomfikia, nesi alijifungia stoo akakaa juu ya boksi. Alikuwa ameona. Aliona jinsi shingo ya yule mama ilivyokazana kila alipotafuta neno, akaona na mabega yakipanda. Angekuwa hakuona, angepata pa kujificha. Aibu ilimshika mpaka akashindwa kujitazama mikono. Akanyanyuka, akaenda kwa mkuu.

"Bosi, zile pumzi za Fundi sikuhesabu."

Safi Kabisa alikuwa akijiandaa kumpokea mkaguzi wa usalama wa wagonjwa. "Nani anahesabu?" aliuliza bila kuinua uso. "Niliomba manesi wanne, nikaletewa mabango ya kunawa mikono. Usiniletee maungamo hapa. Daftari limejaa, safi kabisa. Linakukinga wewe, linanikinga na mimi."

"Na yule mama?"

"Una watoto wangapi?"

Alikuwa nao wawili. Akafyata mkia.

Mkaguzi alikaa saa moja. Alilipekua daftari, akalisifia. Vituo vingine, alisema, safu ile huikuta tupu. Kisha akaandika aliyoyaona: mgonjwa alipohudumiwa hali yake ilikuwa nzuri, familia ilichelewa kumrudisha. Fomu ilitaka saini ya ndugu wa marehemu. Safi Kabisa akamsukumia nesi. "Wewe wanakufahamu," alisema.

Mume wa Fundi alikuja amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Aliketi ukingoni mwa benchi.

"Nisomee, mwanangu, miwani nimeiacha."

Nesi akasoma. Alipofika kwenye mstari wa familia kuchelewa, aliusoma harakaharaka, ikabidi arudie.

"Ni kweli," mzee alisema. "Siku ya pili nilimwambia turudi. Nilimhesabia pumzi mwenyewe kwa saa ya ukutani, zikafika arobaini na kitu. Akaniambia, wewe tangu lini umekuwa daktari? Nesi ameandika mimi mzima. Nikamsikiliza." Akatikisa kichwa. "Ningembeba kwa nguvu. Nimekosa mimi."

Nesi alifungua mdomo. Mlangoni, Safi Kabisa na mkaguzi walikuwa wakiagana kwa vicheko. Akaufunga, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa, baba."

Mzee aliandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kama mtu anayeogopa kukosea tena. Kisha akarudisha kalamu kwa mikono miwili.

"Mtusamehe kwa usumbufu," alisema, "na kazi zote hizi mlizonazo."

"Haina neno, baba," nesi alimjibu, akaipokea kalamu.