Urefu wa Mkono

Daktari alisema sumaku. Mama watoto, alipofika nyumbani, akasema mashine.

Tusimwonee, alikuwa na sababu zake. Mumewe, fundi wa kukereza vyuma ambaye mtaa mzima ulimwita Msasa kwa jinsi alivyopenda kusugua vitu mpaka ving'ae, alikuwa amewekewa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, cha kuuamsha moyo uliozoea kusinzia kazini. Mgonjwa akiwa kitandani amefumba macho, dawa bado zimemlemea, daktari alimweleza mke taratibu: kidonda kikipona, mzee arudi kwenye shughuli zake za nyumbani. Kuchomelea, marufuku. Mota ya mashine asiiinamie. Na sumaku kali zisimkaribie kifuani, zikae mbali, walau urefu wa mkono.

Sasa nani asiyemjua Msasa na sumaku zake? Alizitoa kwenye spika mbovu na kompyuta zilizokufa, na karakana yake, chumba cha uani kilichokuwa stoo zamani, ilijaa sumaku kila pembe. Moja ilishikilia taa juu ya mashine ya kukereza. Nyingine zilishikilia spana ukutani. Ile kali kuliko zote aliifunga kwenye kitambaa na kuipitisha sakafuni kuzoa chembe za chuma, kisha akiichomoa kwenye kitambaa, chembe zinapukutika zenyewe ndani ya ndoo. Ujanja mtupu. Tatizo ni kwamba akimaliza aliitumbukiza kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, bila hata kufikiri, miaka nenda miaka rudi. Mkewe ndiye aliyefua mashati hayo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia aache sumaku abaki na mashine, siku ya kwanza tu atasahau. Kwa hiyo mama akayakata maneno ya daktari kwa kipimo chake mwenyewe.

"Karakana basi, baba watoto. Daktari amekataa kabisa."

Msasa alimtazama usoni. "Haya," akasema.

Haya! Mtu aliyewahi kununiana na fundi bomba wiki nzima kwa sababu ya nati moja iliyokaa upande! Mke alijiandaa kwa vita, akapewa haya, na usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu moyo umwangushe mumewe, alilala usingizi wa pono.

Lakini mwanaume asiye na kazi nyumbani ni mtihani. Msasa hakulalamika. Alikaa kibarazani akihesabu wapita njia, chai ikimpolea mkononi. Bawaba ya mlango wa jikoni ililia kila ulipofunguliwa, naye hakuinuka. Mke aliona kidonda kinapona huku mwenye kidonda ananyauka, na nafsi ikaanza kumsuta. Kila alipotaka kusema ukweli, aliishia kumwongezea chai. Halafu asubuhi moja mzee akatamka, macho yakiwa barabarani, kwamba kesho kuna jamaa atakuja kuiona ile mashine, na akiipenda aichukue.

"Unaiuza?"

"Si daktari amekataa? Inakula vumbi bure."

Mke akachukua ufagio akaenda karakana. Alijiambia anasafisha kwa ajili ya mgeni, ila kwa kweli alitafuta mahali pa kulia. Machozi yalipogoma kutoka, akaanza kuziondoa sumaku. Alibandua moja kwa mkono wa kushoto, na kabla hajaiweka mahali, akabandua nyingine kwa wa kulia, kosa ambalo watu wa chuma hulifanya mara moja tu maishani. Zikarukiana. Nyama ya kidole ikabaki katikati, naye akapiga ukelele.

Msasa akatokea mlangoni akihema.

"Usiingie!" mke alimkemea. "Rudi nyuma, zitakuua!"

Akaganda kizingitini. "Haya, siingii. Usizivute, mama watoto. Hazivutwi hizo. Egemeza moja kwenye ukingo wa meza, nyingine isukume kando. Kando, siyo juu. Taratibu... ehe."

Zikaachana. Mke akaweka moja huku na nyingine kule, akatia kidole kinywani. Msasa akapiga hatua moja ndani.

"Nimesema usisogee!"

"Tulia basi. Si alisema urefu wa mkono? Hapa ni mikono mitatu na chenji."

Mke akatoa kidole kinywani. Maneno hayo hakuwahi kumwambia mumewe, wala mtu mwingine yeyote.

"Nani alikuambia?"

"Daktari, kwani nani? Nilikuwa nimelala palepale. Mbovu ulikuwa moyo, masikio mazima."

Aibu ilimpanda mama watoto mpaka masikio yakawaka. "Na ukakaa kibarazani siku zote hizi? Ukataka kuuza mashine yako? Kwa nini hukusema?"

Msasa akajikuna shingo. "Ulikuwa hulali. Tangu nianguke, nikigeuka tu unanipelekea mkono puani kuona kama napumua. Siku uliposema karakana basi, ulilala mpaka ukakoroma." Akacheka kidogo. "Nikasema nikae kwanza, mpaka uache kuogopa. Nikaona huachi. Ndipo nikamwita yule jamaa."

Sasa machozi yakaja, tena bila kubembelezwa. Alimkasirikia, na alimpenda, vyote kwa pamoja. Alipomaliza, alipangusa uso kwa kiganja, akazibandua sumaku zilizobaki moja baada ya nyingine, akizisukuma kando kama alivyoelekezwa, akazitia kwenye sanduku la mbao, akamwamuru mumewe atoke akae mbali, ndipo akalipeleka mwisho wa ua. Akarudi, akasimama katikati ya mlango, mumewe mbele yake nje.

"Sijaacha kuogopa," akasema.

"Najua."

Akajibanza pembeni, akampisha mumewe aingie.