Mbayuwayu wa Pembe ya Kipupwe

Usiku wa kuamkia leo niliota mbayuwayu amebisha hodi mlango wa uani. Nilimfungulia nikampa kigoda. Alikataa kukaa. Alisema mguu haukunjiki, umeshonwa.

Nilimwuliza umeshonwa na nani. Akanitazama vidole.

Niseme kwanza habari ya kitambaa, maana bila kitambaa ndoto hii haina kichwa wala miguu. Tangu mwaka jana nadarizi kitambaa cha meza chenye ndege wa uani kwangu hapa Usangi, kwa mishono ya misalaba midogo midogo, kila pembe na majira yake. Kiangazi kina ndege chozi anayefyonza ua la mgomba. Masika yana minana wakijenga viota. Vuli ina tetere wakiokota mbegu nyuma ya jembe. Kipupwe ndicho kilichonishinda. Ukungu ukishuka ndege hawaonekani, na pembe moja tupu ni aibu kwa mtu anayesifika kwa kazi ya mikono. Nikamweka mbayuwayu, ingawa najua fika kwamba mbayuwayu huondoka masika yakikolea. Pembeni yake nikamweka binti yangu Namsifu, amesimama mlangoni na beseni la nguo.

Namsifu ndiye aliyebaki nyumbani tangu tulipomzika baba yake. Amepata kazi ya uuguzi Nachingwea, mbali kweli, na amejaribu kuondoka mara tatu. Mara ya kwanza basi lilikatika springi. Mara ya pili alishikwa na homa akiwa stendi. Mara ya tatu maji yalibeba kalavati. Asubuhi ya leo alikuwa ajaribu tena, na huko walishamwambia asipofika safari hii nafasi anapewa mwingine. Kila aliporudi na begi lake nilimpa pole, kisha nikaenda jikoni kubandika chai, na jikoni nilikuwa nafurahi.

Sasa turudi kwa mbayuwayu.

"Wenzangu walishavuka bahari," anasema. "Mimi nipo kwenye kamba yako ya nguo, Mama Namsifu. Nategemea nzi wa jikoni kwako, na wenyewe ni wachache kwa sababu unafunika vyakula."

Nilimshukuru kwa kuliona hilo. Akasema si sifa, ni mashtaka, na kesi inasikilizwa sasa hivi.

Natoka nje. Uani si uani tena, ni kitambaa, chini kote vitundu vya mraba mpaka kwenye ua wa michongoma. Kwenye kitambaa mtu hatembei ovyo. Unakwenda mshazari upande huu, unarudi mshazari upande ule, ndipo umehesabiwa hatua moja. Nilikosea hesabu nikatokea bafuni kwa jirani, Mama Eliamani, anaoga. Hakushtuka. Alinikumbusha kwamba kuhesabu huanzia katikati, akaendelea kujisugua.

Katikati ya uani amekaa mnana jike. Ndiye hakimu. Nyuma yake madume wanafumua viota vyao kimyakimya, jani moja moja, kwa kuwa ameshavikagua na kuvikataa. Nilianza kujieleza. Hakutaka maelezo.

"Geuza," anasema.

Kila anayedarizi analijua neno hilo. Wanawake wa kikundi chetu hukupokea kitambaa kwa sifa nyingi, kisha wanakigeuza nyuma, na hapo wengine hunyamaza. Nikashika ukingo wa uani nikaugeuza. Migomba, choo, kamba ya nguo na Mama Eliamani na ndoo yake, vyote vikaning'inia kichwa chini. Mama Eliamani aliomba tufanye haraka, maji yanapoa.

Nyuma ya chozi ni safi. Nyuma ya minana ni safi pia, na hakimu alipitisha mdomo hapo mara mbili kwa kuridhika. Nyuma ya mbayuwayu uzi umevutwa kutoka pembe ya masika hadi pembe ya kipupwe, mrefu, umelegea, kitu ambacho hata mwanafunzi hukatazwa.

"Huyu si wa majira haya," anasema hakimu. "Fumua."

Nikafumua. Nilipofika mguuni mbayuwayu akaunyoosha, akaukunja, akaniaga kwa heshima na kuondoka. Nikauliza pembe ile nitaijaza na nini. Hakimu akasema kama kipupwe ni kitupu basi nishone ukungu, au niache. Nilikubali upesi na kuanza kugeuza kitambaa mbele.

"Bado," anasema. "Na huyu wa mlangoni?"

Nilimwambia huyo si ndege.

"Sijauliza kama ni ndege."

Nyuma ya Namsifu kulikuwa na mafundo matatu. Katika kazi yetu hatufungi fundo, uzi unalazwa chini ya mishono na unakaa wenyewe. La kwanza lilinuka oili ya gari. La pili lilikuwa la moto kama paji la mgonjwa. La tatu lilichuruzika maji ya matope. Sikuhitaji kufafanuliwa.

Niliuliza, akienda nitaongea na nani jioni.

"Mimi kila masika natoa makinda," anasema hakimu, "na sijamfunga hata mmoja."

"Na huumii?"

"Naumia. Fumua."

Kufumua huanzia ulipomalizia, na mimi nilimalizia macho. Nikayatoa msalaba mmoja mmoja. Mdomo ulikuwa bado haujafumuliwa, kwa hiyo Namsifu alipata nafasi ya kusema sukari iko kwenye kopo la majani ya chai, na paa la banda la kuku lizibwe kabla ya vuli. Nilimwambia nimesikia. Nikafumua mdomo. Nilikuwa nalia waziwazi, na kila chozi lilidondokea kwenye kitundu chake, hakuna lililovuka mstari. Nikafumua gauni la bluu, beseni, mikono. Ulibaki mguu. Mshono wa mwisho ulikuwa umekazwa sana, mkasi haukupita, nikainama niukate kwa meno.

Nikaamka naing'ata shuka.

Kumekucha. Namsifu amekaa kwenye kiti cha sebuleni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Konda amempigia simu, basi linawaka na barabara ni kavu. Nikachuchumaa nimsaidie kuvaa, kama nilivyomvalisha alipokuwa anaanza shule.

"Mama, sikukuambia usije ukahangaika," akasema. "Mguu huu umekuwa mzito miezi yote hii. Leo naona umeachia."

Niliugeuza nikatazama. Kisiginoni kulikuwa na ncha ya uzi wa bluu, fupi kama ukucha, imeingia kwenye ngozi na bado imeshika. Namsifu aliuliza ninaangalia nini. Kama ningemvisha kile kiatu nikanyamaza, hakuna ambaye angejua. Nilikaa pale chini muda mrefu kuliko kinavyohitaji kiatu.

"Hakuna kitu, mwanangu," nikasema, nikauvuta, ukatoka. "Simama. Basi lisikuache."